Barafu kwa Ndago ya Mama

Kiseke, Mwanza
6 Oktoba 2024

Dada Specioza,

Shikamoo. Mama amefika salama. Basi lilikaa sana kivukoni Busisi, na aliposhuka stendi ya Nyegezi alikuwa bado amepakata lile beseni la bluu lililofungwa kanga. Kondakta alitaka kumsaidia, akamkatalia. Nilidhani amebeba mayai. Kumbe ni ndago ya bondeni kwetu, ile yenye shina la pembe tatu na vichwa vyeusi, ameing'oa na mizizi yake na tope lake.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kwa hiyo nilimweleza kwa upole kwamba huo ni mmea wa mlimani, unataka baridi, unataka miguu yake ikae majini, na hapa Kiseke mawe yanaanza kuchoma jua likichomoza tu. Nikamwambia haitapona. Akanijibu, "Hata mimi ni wa mlimani, na umenileta."

Mke wangu Justa alicheka hadi akakaa chini. Kwao Bujora ndago ni adui wa shamba. Anasema hajawahi kusikia mtu anasafirisha magugu kwa basi. Lakini ndiye aliyelitafutia beseni mahali, chini ya tenki la maji, penye kivuli na bomba linalodondosha. Na sasa Mama amegundua friji. Unajua Justa anagandisha barafu za juisi anazowauzia wanafunzi. Kila mchana Mama anaomba ya maji matupu, anaivunja kwa mchi, anaipanga kuzunguka mizizi. Justa ameanza kumgandishia vikombe vyake kabisa.

Daktari anasema moyo umechoka, lazima awe karibu na kliniki. Nimemwambia Mama ni kwa muda. Sharti lake ni moja, na amelirudia mbele ya Justa ili kuwe na shahidi: arudishwe Kamachumu angali na nguvu za kuvua viatu mwenyewe mlangoni, akanyage kwa miguu yake ndago ya bonde lake iliyotandikwa sakafuni. Hataki kuingizwa amebebwa. Nimeahidi.

Kwa kuwa simu huisikii tena, niandikie kwa mkono wa dereva kama tulivyopanga.

Mdogo wako,
Gosbert


Kamachumu
3 Novemba 2024

Mdogo wangu Gosbert,

Marahaba. Barua nimeipata pamoja na dawa ya masikio, ambayo haijasaidia kitu. Jana padri alinisalimia mara mbili, mimi nikamjibu habari za kahawa. Afadhali tuandikiane. Nikipiga simu napaza sauti, na watu wote wa huku wanajua mambo ya nyumbani kwetu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Ile iliyokunjwa na jani la mgomba ni ya Mama, msomee. Hii ni yako, isome peke yako.

Mnyauko umefika shambani. Ulianza kwa jirani yetu Yeremia, ukaruka kwa mwingine, sasa uko nyuma ya jiko letu. Ukikata mkungu unaukuta ndani una rangi ya chai. Nimeng'oa na kufukia karibu nusu ya migomba aliyoipanda Baba, na iliyobaki naiangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. Tumekuwa watu wa kununua ndizi, Gosbert. Sisi.

Yeremia ana wazo. Anasema bonde la Mama limelala bure, maji yamejaa humo hayana kazi. Tukichimba mfereji kutoka chemchemi hadi mtoni, litakauka tupande kabichi na maharage, kila mtu upande wake. Wengine wote wameshafanya hivyo. Ukisimama hapa mlimani, bonde lenye ndago limebaki hili letu peke yake.

Mimi siwezi kuamua peke yangu. Bonde ni la Mama. Unakumbuka alivyokuwa anawagawia wanawake wote ndago ya kutandika sakafuni, Krismasi, harusi na msiba, na alivyomfukuza mtu na ng'ombe wake kwa fimbo. Lakini na mimi lazima nile. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii na ndiye uliyesoma. Niambie.

Dada yako,
Specioza


Kiseke
24 Novemba 2024

Dada Specioza,

Shikamoo. Lima.

Nimefikiria sana, na sioni sababu ya wewe kukaa na njaa ukiwa umekalia ardhi. Mwambie Yeremia achimbe. Ila Mama tusimwambie kwanza. Daktari ametuonya kuhusu mshtuko. Kwenye karatasi zake andika kama kawaida.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata Justa: sidhani kama Mama atarudi kuishi huko. Safari yenyewe ni mateso, hospitali iko mbali, na wewe husikii akikuita. Naogopa kumwambia. Kila jioni anakaa kwenye kiti chake karibu na beseni, akisikia geti anauliza, "Daktari amesemaje, naenda lini?" Nami nasema bado kidogo. Nimekuwa hodari sana wa kusema bado kidogo.

Ndago haijafa, nastaajabu. Imetoa machipukizi. Jana nilimkuta Mama anaizungushazungusha kati ya vidole, kama tulivyokuwa tunafanya utotoni, inavyogota pembe kwa pembe. Alinionyesha kidole kilichochanika, akafurahi kwamba bado ina makali.

Gosbert


Kamachumu
2 Februari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mfereji umekwisha. Nilidhani maji yangechukua muda kuondoka, labda msimu mzima, kwamba ningepata nafasi ya kuzoea. Yaliondoka haraka kama wageni walioona sufuria tupu. Tope likapasuka. Ndago ikageuka njano, ikalala, na Yeremia akaichoma moto kabla mimi sijaamka vizuri siku hiyo. Kwa kuwa sisikii, sikusikia hata moto unalia. Niliona moshi tu.

Sasa kuna kabichi, na zimestawi, siwezi kusema uongo. Wiki hii nimekula nikashiba. Katika karatasi ya Mama nimeandika kwamba bonde ni la kijani kibichi. Nilikaa na kalamu nikijiambia kuwa si uongo, kabichi nazo ni za kijani.

Zamani nilikuwa nashuka bondeni hata bila kazi yoyote. Sasa napita juu, njia ya kanisani, ingawa ni ndefu zaidi.

Mama asirudi hivi karibuni, Gosbert. Nimeandika. Nilikuwa naomba arudi, sasa naomba usimlete mpaka tujue tutamwambia nini. Mungu anisamehe kwa kuandika hivyo kuhusu mama yangu.

Specioza


Kiseke
9 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, dereva anaondoka asubuhi.

Mama amelazwa. Miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi. Usije, hali imeanza kutulia, na wao wenyewe wanasema atatoka. Shida ninayokuandikia ni nyingine.

Shemeji Ngosha, kaka yake Justa, alikuja kutoka Bujora kumwona Mama. Sisi tulishinda hospitali, yeye akabaki nyumbani. Unajua watu wa huko, mgeni hakai mikono mitupu kwenye nyumba ya wenye mgonjwa. Akaosha tenki. Akafagia uwanja. Akaona beseni la ndago. Kwake ndago ukiiacha hata kipande cha mzizi inarudi, ikirudi inakula shamba. Hivyo akafanya kama anavyofanya kwake: aliing'oa yote, akachambua mzizi mmoja mmoja, akaianika juu ya mawe, na ilipokauka akaichoma. Tuliporudi alituonyesha beseni safi, limesuguliwa kwa mchanga, linang'aa. Alikuwa anatabasamu, maskini.

Justa alimweleza. Mzee wa watu alikaa chini akashika kichwa. Anataka kuleta mbuzi amwombe Mama radhi. Tumemzuia, maana Mama hajui.

Mama akitoka atakwenda moja kwa moja chini ya tenki. Namjua. Nitafutie ndago nyingine. Najua bonde limelimwa, lakini lazima kuna pembe mlikoisahau, kando ya chemchemi, mahali popote. Ifunge kwenye gunia lililolowa maji uilete kwa basi.

Gosbert


Kamachumu
16 Machi 2025

Gosbert,

Hakuna. Nimezunguka mlima mzima, mabonde yote ni viazi na kabichi. Kwenye chemchemi Yeremia alisafisha vizuri kuliko nilivyomwomba.

Jana nilipanda pikipiki mpaka chini kabisa ziwani, upande wa Kemondo, nikachimba hii kando ya maji. Shina lina pembe tatu na kichwa cheusi. Ni nene kidogo. Vidole vya Mama vimekufa ganzi kwa dawa, macho yake ni ya uzee. Labda haitakuwa neno.

Mwambie Ngosha asilie. Yeye alichoma beseni moja tu.

Specioza


Kiseke
4 Mei 2025

Dada Specioza,

Shikamoo. Leo nina habari njema, na nimekuwa na hamu ya kukuandikia tangu wiki iliyopita.

Mama ametoka, anatembea polepole na fimbo. Siku ya kwanza alikwenda kwenye beseni kabla hata ya kunywa uji. Mimi nilijifanya nasoma gazeti. Aliinama, akaishika, akavunja shina moja akalizungusha vidoleni, akakaa nalo muda. Kisha akasema, "Specioza amejitahidi sana." Nikamuuliza anamaanisha nini, akasema barua zako. Basi, moyo wangu ukarudi mahali pake.

Na hii uliyoleta imestawi kuliko ile. Jua lote hili la Mwanza na haijali. Haihitaji hata barafu. Mama mwenyewe amemwambia Justa asimgandishie tena vikombe, auzie wanafunzi.

Kubwa zaidi, ameacha kuuliza lini anarudi. Siku nzima anakaa barazani anaangalia ziwa, anamfundisha Justa nyimbo za kanisani za Kihaya, na Justa anamfundisha Kisukuma. Nikimpelekea chai ananishukuru kwa "wabeja" kama mzaliwa wa Kisesa. Ametulia, Dada. Nilikuwa naogopa ile siku ya kumwambia ukweli, na sasa naona haitakuwepo.

Jambo la ajabu ni kwamba wiki hii daktari ametoa ruhusa. Amesema kama anataka kwenda nyumbani, aende sasa kabla ya kiangazi, akiwa bado na nguvu. Nilimweleza Mama. Akaniangalia usoni, akasema, "Tukae kwanza." Basi tunakaa. Na mimi, nisamehe, nilifurahi.

Gosbert


Kamachumu
25 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilisoma barua yako nimesimama pale pale barabarani, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Watu wakaniangalia.

Lakini baadaye nikapata wazo ambalo haliniondoki. Karatasi ya majibu ya Mama, ile aliyokuandikisha, haina hata swali moja. Zamani alikuwa ananiuliza juu ya chemchemi, juu ya wanawake waliokuja kukata, kama nimewabagua au nimewapa sawa. Safari hii amenitakia afya njema na kuniagiza nile vizuri. Ni hayo tu.

Muulize kama amenikasirikia. Muulize kwa njia ya mbali.

Specioza


Kiseke
28 Septemba 2025

Wifi yangu Specioza,

Shikamoo. Ni mimi Justa. Gosbert hajui kama naandika, nitamsomea nikimaliza.

Tangu turudi kutoka kumzika Mama sijalala vizuri. Tulipompitisha juu ya daraja jipya la Busisi, Gosbert alisema Mama angelipenda, maana alichukia kivuko, akaanza kulia, na mimi nililia kwa jambo jingine. Halafu tulipofika nikaona wazee wa ukoo wamekaa kwenye mikeka ya plastiki na turubai, na wewe umesimama mlangoni huthubutu kumtazama mtu. Ndipo nilipojua kuwa nilikosea kukaa kimya. Ila mbele ya jeneza nisingeweza.

Siku ile alipotoka hospitali, Gosbert akiwa na gazeti lake, Mama aliniita nimfunge viatu. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa. Akanionyesha kidole. Alikuwa amelipitisha jani la ile ndago mpya kwenye kidole, likapita laini, halijakata. Akasema: "Hii ni ya ziwani. Ya kwetu hukata. Specioza asingeniletea ya ziwani kama ya kwetu ingalipo. Bonde wamelikausha."

Nilimwambia labda ni kosa, labda tumuulize Gosbert. Akanikataza. Akasema, "Wanangu wamehangaika sana kunificha. Nikiwaambia najua, watapata aibu mbele yangu, nami sitaki wapate aibu kwa sababu ya njaa. Waache." Nilimuuliza, na safari ya nyumbani je? Akasema, "Nikirudi, Specioza atanipokea mlangoni na sakafu itakuwa tupu. Nitaona uso wake. Sitaki kuuona." Akanishika mkono nimwahidi, nikamwahidi.

Kwa hiyo wifi, hakutulia. Nyinyi mlisema ametulia, nami nikawa nasikiliza na kukoroga chai. Siku daktari alipotoa ruhusa nilikuwa nyuma ya mlango. Aliposema "tukae kwanza" alisubiri. Alimwangalia Gosbert usoni muda mrefu kabisa. Nadhani mwanawe angesema neno moja tu, hata "Mama, bonde tumelilima", Mama angekwenda kufunga mzigo wake. Gosbert akashukuru akatoka.

Kwetu mtu mzima akikuagiza siri unaikalia. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuwahi kujuta kulelewa hivyo mpaka mwaka huu. Kile nilichoona ni heshima kimemzuia mama yako kwenda kwake. Nisamehe kama unaweza. Na vikombe vya barafu bado viko kwenye friji, siwezi kuvimwaga.

Wifi yako,
Justa


Kamachumu
7 Desemba 2025

Wifi Justa na mdogo wangu Gosbert,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Mwanzoni niliandika barua ya hasira nikaichana, maana kila niliyetaka kumkasirikia alikuwa ameandika jambo ambalo na mimi nimelifanya. Wifi, sina la kukusamehe. Ulitunza siri ya Mama, nasi tulitunza yetu, na nyumba moja ikajaa watu wanaooneana huruma hadi mmoja akafa akiangalia ziwa lisilo lake.

Siku niliposoma maneno yako nilichukua jembe nikashuka bondeni kwa njia ile niliyokuwa naikwepa. Niliziba mfereji. Yeremia alikuja akawa anafungua mdomo, naona anapaza sauti, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwa kiziwi. Baadaye mwenyewe akashika jembe akanisaidia kuziba. Kabichi za upande wangu zimeoza majini. Nitakula viazi.

Sikufanya hivyo kwa kutegemea kitu. Nilitaka tu maji yarudi, kama mtu anavyorudisha kiti cha marehemu mahali alipopenda kikae.

Mvua zikanyesha. Wiki ya pili ya Novemba nikaona ncha kando ya chemchemi, kisha katikati, kisha kila mahali. Nilidhani ni nyasi. Nikaishika, nikaizungusha, ikagota. Nikapitisha jani kidoleni, nikachanika. Mizizi ilikuwa chini ya kabichi muda wote ule, Gosbert, chini ya majivu ya Yeremia. Ilikuwa inangoja maji.

Ndipo nikakumbuka. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Ukame ulipiga, bonde likapasuka, mimi nikalia nikidhani ndago imekufa. Mama aliniambia niache kulia, imelala, maji yakirudi itaamka. Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye asingesahau. Kama ningemwandikia ukweli ule mwezi wa pili, angenijibu kwa mstari mmoja, "Ziba mfereji", na mwezi wa tano alipopewa ruhusa angeikuta imeota. Hata kabichi angeniachia upande mmoja. Alikuwa mkali kwa ng'ombe, hakuwa mkali kwa mtu mwenye njaa. Mimi mwanawe nilijua hivyo, na bado nilimwogopa.

Jana nimekata tita la kwanza. Wanawake wamekuja kuomba ya Krismasi, nimewapa sawa, sikumbagua mtu. Ya kwetu nimetandika kuanzia mlangoni hadi kitandani kwake, nene, kama alivyotaka. Hakuna aliyeikanyaga bado. Mimi napita kwa mlango wa jikoni.

Njooni Krismasi, mje wote, na shemeji Ngosha mumlete. Nitakuwa nimesimama mlangoni, nanyi mtauona uso wangu. Mvue viatu kabla ya kuingia.

Dada yenu,
Specioza